Kitabu cha Mwinyi Mbwana Kilivyokwenda Chole Kutiwa Jalada

Walionitoa mji wetu wa Kanga, Mafia, kwenda kisiwa cha Chole ni watu watatu, nami nawataja kwa majina, maana wenyewe hawakuona haya kunitaja mimi. Wa kwanza ni Mwinyi Mbwana, mwenye kitabu. Wa pili ni Jumbe Ngwali, mwenye mji, ambaye kazi yake ilikuwa kusema "ndivyo" kila Mwinyi Mbwana anapokohoa. Wa tatu ni Makungu, mpwa wa Mwinyi Mbwana. Huyu nitamsema sana huko mbele, kwa kuwa nilikwenda naye njia nzima, na njia nzima alikwenda kwa tumbo. Mimi jina langu Shomari. Chuoni niliishia juzuu ya Amma, mwalimu akafa. Basi naandika nilivyoweza. Atakayeona kosa asahihishe, asicheke.

Kwanza kitabu. Kilikuwa kinene, karatasi nzito rangi ya chai, kimeandikwa kwa mkono, na maandiko yake yakianzia kushoto. Mwinyi Mbwana alisema kilitoka Kua, ule mji wa kale, siku ulipovunjwa, babu wa babu yake akakimbia nacho kichwani akaacha hata viatu. Lugha yake, akasema, ni Kisuryani, lugha ya malaika, na Mafia nzima haisomi mtu ila yeye. Sisi tukaamini. Mtu wa Kanga akiambiwa jambo na mwenye kanzu safi haulizi mara mbili.

Kwingine mgonjwa huandikiwa aya kwa zafarani katika kombe, ikaoshwa kwa maji, akanywa. Sisi Kanga tuliifupisha kazi. Mwinyi Mbwana alikuwa akichovya ncha ya ukurasa ndani ya bakuli, wino ukatoka kidogo, maji yakawa rangi ya kutu, tukanywa. Homa tulikunywa, kuhara tulikunywa, na tuliohara kwa kunywa tulikunywa tena. Wagombanao waliapishwa juu ya ukurasa mmoja wa katikati. Na Mwinyi Mbwana akitaka kujua la kesho, alikifungua, akaweka kidole, midomo ikamcheza, akatuambia kitabu kimesema nini.

Mwaka wa ndui, mimi na mke wangu Mwanahawa tulilala kwenye kitanda kimoja tukanywa bakuli moja. Mimi nilipona. Yeye tulimzika. Mji mzima ukakisifu kitabu kwa ajili yangu, na kwa ajili yake hakuna aliyekiuliza. Nikaitwa "mtoto wa kitabu", na maana yake ni kwamba kila kinapotoka ndani ni mimi wa kukibeba, kichwani, katika ungo, nimefunika kitambaa cheupe. Nilikibeba miaka kumi na mmoja. Uso wangu una mashimo kama jiwe la pwani, na shingo yangu imeingia mabegani.

Sasa sababu ya safari. Siku moja baada ya sala ya Ijumaa Mwinyi Mbwana alikifungua kitabu barazani kwake, akaweka kidole, akatia ukuti pale alipoweka, akasema, "Kitabu kinamtaka Mwanaisha."

Mwanaisha ni mwanangu wa pekee, mwanamke mzima aliyekwisha kukataa posa mbili kwa kinywa chake mwenyewe.

"Kinamtakia nini?" nikauliza.

"Kinamtaka aingie nyumbani kwangu. Mtoto wa kitabu hawezi kukinyima kitabu."

"Ndivyo," akasema Jumbe Ngwali.

Mwinyi Mbwana alikuwa na wake wawili, na ndevu alizozitia hina zikawa kama moto wa makumbi. Lakini kulikuwa na kizuizi. Mchwa walikuwa wamekula jalada la kitabu, na haikufaa ndoa isimamiwe na kitabu kilicho uchi. Ikaamuliwa nikipeleke Chole, kwa fundi atiaye misahafu ngozi, na siku kitakaporudi kimevaa, ndiyo siku ya ndoa. Nilikwenda kumwambia Mwanaisha uani. Alikuwa akisuka ukili wa mkeka.

"Basi nenda polepole, baba," akasema, wala hakuinua macho.

Alfajiri ya Jumatatu tuliondoka Kanga. Mwinyi Mbwana alinisomea miko mbele ya watu: kitabu kisiguse chini, kila mji kipewe mkeka wake na sahani yake, maana ni mgeni wa heshima, na mbebaji asile chumvi wala kitoweo mpaka arudi. Makungu alitumwa kunichunga nisivunje mwiko. Nami nilitii agizo la mwanangu. Nilikwenda mwendo wa kinyonga. Watu wa Ras Mkumbi waliokuja kuuza samaki walitupita wakienda, wakauza, wakatukuta wakirudi.

"Bwana Shomari, umeumia mguu?" wakauliza.

"Kitabu hakipendi kutikiswa," nikajibu.

Adhuhuri tulikuwa hatujapoteza sauti ya jogoo wa Kanga.

Siku ya pili, saa kumi, tulifika Kirongwe. Mji ulitoka kukipokea kitabu kwa ubani. Kikatandikiwa mkeka mpya, kikawekewa sahani ya wali wa nazi na kuku mzima mwenye samli inayomtiririka. Mimi nikapewa muhogo wa kuchoma na maji. Mwenyeji wetu, mzee mmoja mpole, akafunga mlango ili mgeni ale kwa faragha, na Makungu akabaki ndani kumhudumia. Mlango ulipofunguliwa, sahani ilikuwa na mifupa.

"Mashallah!" akasema mwenyeji. "Kimekula!"

"Kilikuwa na njaa ya safari," akasema Makungu, akipangusa mdomo kwa kiganja.

Tulipotoka nilimwambia, "Makungu, wewe humwogopi Mungu?"

"Kaka Shomari, chakula cha mgeni hakimwagwi. Na kitabu hakina meno. Wewe ungefanyaje?"

"Ningemmegea mbebaji paja."

"Lina chumvi," akasema kwa huruma. "Ningekuvunjia mwiko."

Baleni kitabu kilikula pweza na mikate ya mofa. Kiegeani kilikula samaki wa kupaka, kikaomba kiongezwe. Mpaka tunafika Utende, siku ya tano, Makungu alikuwa amelegeza shuka yake mara mbili, na mimi nilikuwa nikiona muhogo nageuza uso. Njia ambayo mtu mwenye miguu huimaliza kwa siku mbili, sisi tulikula siku tano. Yaani Makungu alikula.

Asubuhi ya siku ya sita tulivuka kwa mtumbwi hadi Chole, na ungo nimeupakata kama mtoto mchanga. Wakati huo boma la Wadachi lilikuwa huko Chole bado, na mji ulikuwa na maduka ya Wahindi na watu wa kila kabila. Fundi wa majalada tulimkuta barazani kwake, mzee wa Kishihiri mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Tulimwambia ni cha Kisuryani. Alikipindua kitabu, akakinusa, akakirudisha.

"Hiki si Kisuryani," akasema.

"Ni nini?"

"Sijui. Lakini mimi huvisha ngozi msahafu na vitabu vya dini. Siwezi kuvisha kitu nisichokijua, huenda nikaulizwa kaburini. Nendeni kwa Bi Zaharia, Mngazija yule anayefua nguo za boma. Amelelewa Maore katika nyumba ya Mfaransa mwenye mashamba ya miwa, alifundishwa kusoma pamoja na mabinti wa nyumba. Akinipa neno lake, nami nitafanya kazi."

Makungu hakupenda. "Mwanamke afue nguo za Wadachi, halafu akishike kitabu?"

"Basi baki hapa," nikamwambia. Akafuata, maana alidhani huko kuna chakula.

Saa nne tulimkuta Bi Zaharia ukumbini kwake, mwanamke wa makamo, mnene, kidani shingoni, anapiga pasi suruali nyeupe ya bwana shauri wa boma. Mbele yake rundo la nguo lilikuwa refu kuliko mimi.

"Hodi mama."

"Karibuni. Kama ni nguo, mpaka Jumatano."

"Si nguo, ni kitabu."

Akakipokea kwa mkono mmoja, pasi katika mkono wa pili, akafungua ukurasa wa kwanza. Nikaona nyusi zikipanda. Akafungua wa pili. Akaanza kutikisika mabega, halafu tumbo, halafu kiti. Alicheka mpaka kukawa na harufu ya kuungua, na alipoinua pasi, suruali ya bwana shauri ilikuwa na tundu pale anapokalia.

"Ole wangu!" akasema, akaendelea kucheka. "Mmekipata wapi hiki?"

"Kua. Ni cha Kisuryani."

"Ni Kifaransa, baba. Kifaransa cha zamani, cha miaka zaidi ya mia. Tazama, hapa ni hati ya mtu mmoja, nzuri. Hapa ni ya mwingine, kama kuku amepita. Watu wao wa zamani walikuwa hivyo: wakisikia shairi zuri au barua ya kuchekesha barazani, huinakili katika daftari, wakasomeana wageni wakija. Kama sisi tunavyoshika nyimbo za harusi, ila wao waliziandika."

"Na mwenyewe nani?"

Akarudi mwanzo. "Jina limefutika. Anasema yeye ni karani katika jahazi ya biashara, na kwamba atakayekiokota kitabu hiki akirudishe, na asiyekirudisha aote upele uso mzima."

Nikajishika uso. Makungu naye akanitazama uso, halafu akajishika wake.

Nikamwonyesha ukurasa wenye ukuti, ule unaomtaka mwanangu. "Huu, mama, tafadhali. Neno kwa neno."

Bi Zaharia akaweka pasi chini, akasoma kwanza kwa Kifaransa, sauti yake ikawa nyororo, halafu akanieleza. Ni maombolezo ya bibi mmoja tajiri aliyefiwa na kasuku wake. Kasuku alikuwa kijani, anajua kumwita kila mgeni mwizi, na alikufa kwa kulishwa vitamu kupita kiasi. Bibi anamlilia, anasema wanaume wote waliompenda walimwambia uongo, kasuku peke yake alimwambia kweli.

"Hakuna Mwanaisha?" nikauliza.

"Hakuna."

"Hata kwa mbali?"

"Baba, ni kasuku."

Nikahema hewa ambayo nilikuwa nimeizuia tangu Kanga. Kisha nikamwonyesha ukurasa tuliounywa mimi na Mwanahawa, ncha yake imekwisha kuwa nyeupe. Akasoma kilichobaki. Ni barua ya mtu kwa rafiki yake, anamweleza kwamba vita vimeua wengi katika nchi yao, lakini waganga wameua zaidi, na wanalipwa. Hapo Bi Zaharia alicheka, akaniona sikucheka, akaniletea maji.

"Na huu wa katikati?" akauliza Makungu. "Wa viapo?"

Bi Zaharia akausoma kimoyomoyo, akaufunika kwa kiganja. "Huu mwauapia?"

"Tangu babu zetu. Na wagonjwa wa tumbo hunywa huo huo. Mimi peke yangu nimeunywa mara nyingi, tumbo langu ni dhaifu."

"Ni wimbo wa kusifu mvinyo. Anasema pipa ndilo msikiti... hapana, kanisa lake, na anaomba akifa azikwe chini ya bomba lake, mdomo wazi."

Makungu alitoka mbio. Tukamsikia uani akisukutua, mara tatu, mara saba, kama mbwa amelamba chungu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Kaka Shomari, haya usiyaseme Kanga. Watatuua."

"Nitayasema. Kila mtu atajua Mwinyi Mbwana anasoma nini."

"Basi watajua pia kwamba wewe ulimwapia jirani yako Kombo mpaka wa minazi juu ya pipa la mvinyo, ukaushinda mpaka."

Hapo alinipata. Mpaka ule ulikuwa kweli wangu, lakini kiapo kilikuwa kile kile. Nikafikiri: ndoa ngapi zimepatanishwa juu ya wimbo ule? Wezi wangapi wamekiri? Nikitoboa, Kanga nzima itaanza kugombana upya kuanzia kwa babu zake.

"Na wewe," nikamwambia, "nikisema wewe ulikula kuku wa kitabu?"

Tukatazamana. Tukawa ndugu kwa nguvu.

Bi Zaharia alimtumia fundi neno kwamba kitabu hakina kufuru kupita ile ya watu tunaowajua. Fundi akacheka, akakivisha ngozi nyekundu kwa siku tatu. Siku hizo tatu nilikwenda kila asubuhi kumsaidia Bi Zaharia kukamua nguo, naye akanisomea ukurasa wa kasuku mpaka nikajua kila jambo lililomo. Nilikuwa na shauri langu moyoni: kwa kasuku nitamkomboa mwanangu, na kwa mvinyo nitamwaibisha Mwinyi Mbwana ana kwa ana, mlango umefungwa, mpaka hina imtoke ndevuni. Niliitamani saa hiyo kuliko nyama.

Kurudi tulikwenda haraka, siku mbili. Kiegeani mwanamke mmoja alitukimbilia na mtoto mwenye homa mgongoni, bakuli mkononi.

"Nichovyeeni kidogo tu, baba zangu."

Makungu akaninong'oneza, "Mpe, aende zake."

Nikamtazama yule mtoto. Nikakumbuka kitanda chetu. "Kitabu kimevaa ngozi mpya," nikasema, "hakiguswi na maji mpaka siku arobaini. Mpe madafu, mama, mwogeshe, na umpeleke kwa mwenye dawa ya homa leo hii, usingoje." Alininung'unikia akaondoka. Makungu aliniambia nimekuwa mchoyo. Habari ikaenea, na usiku ule kitabu hakikupewa sahani. Makungu alilala na muhogo, na mimi nililala vizuri.

Saa tisa za mchana tuliingia Kanga. Habari zetu zilikwisha kututangulia: masufuria ya ndoa yalikuwa mafigani, mbuzi amekwisha kuchinjwa, na Jumbe Ngwali amevaa joho. Mwinyi Mbwana alikaa barazani, ndevu mbichi kwa hina.

"Shikamoo Mwinyi."

"Marahaba. Kimevaa?"

"Kimevaa. Nina neno la faragha."

Tukaingia ndani, akafunga mlango. Nikaweka ungo juu ya kitanda.

"Mwinyi, kitabu kimesomwa."

Alikaa chini taratibu. Nilingoja ang'ake, anikanushe, aniite kafiri. Nilikuwa nimeyatayarisha majibu yote njiani.

"Na nani?" akauliza.

"Mwanamke. Mngazija."

"Anafanya kazi gani?"

"Anafua nguo."

Akaipokea hiyo kama mtu anavyopokea kofi. Halafu akainama kwangu, akasema kwa sauti ndogo sijapata kuisikia kwake, "Kinasema nini?"

"Wewe si wakisoma?"

"Shomari, mwanangu, usinitese. Nimekishika miaka arobaini. Baba yangu alinipa, naye hakujua. Kila usiku nakifungua natazama. Kinasema nini?"

Niseme kweli, hilo sikulitayarishia. Lakini nikakaza. "Kwanza Mwanaisha."

Hakubishana. Alifungua dirisha akaita, "Ngwali! Ndoa hakuna. Kitabu kimekataa."

"Ndivyo," likajibu joho kutoka barazani. "Na mbuzi?"

"Mleni!"

Akafunga dirisha, akarudi, akaniketia mbele kama mwanafunzi wa chuo. Nikafungua penye ukuti nikamweleza yule bibi na kasuku wake. Alisikiliza mdomo wazi.

"Kasuku wa rangi gani?"

"Kijani."

"Akisemaje?"

"Akimwita kila mgeni mwizi."

"Alikufa kwa nini?"

"Walimlisha vitamu mno."

Mwinyi Mbwana akapapasa ule ukurasa kwa vidole vyake vya hina. "Masikini," akasema. "Na yule bibi amebaki peke yake?" Nikaona machozi yanamshuka. Miaka arobaini amekaa na msiba wa mtu ndani ya nyumba yake bila kumpa pole.

Kisha akajifuta, akafungua katikati. "Na huu? Huu wa viapo?"

Hii ndiyo ilikuwa saa yangu. Neno lilikuwa ulimini, pipa, bomba na mdomo wazi. Nikamtazama. Alikuwa mzee tu, mwenye njaa ya kujua. Nikafikiri juu ya Mwanahawa pia, na nikaona kwamba mtu huyu alituchovyea kile alichodhani ni dawa, na mwenyewe alikunywa kila asubuhi.

"Huo," nikasema, "wino umekwisha. Yule mama alishindwa kuusoma."

"Hata neno moja?"

"Hata moja."

"Basi tusiuchovye tena," akasema. "Usije ukafutika wote."

Na tangu siku ile Kanga hatukunywa kitabu. Sasa Mwinyi Mbwana amekwisha kufa, Mungu amrehemu kwa kadiri yake, ndiyo maana nimeandika. Makungu yuko hai, mnene. Jumbe Ngwali yuko hai, anasema "ndivyo" kwa Wadachi. Atakayekasirika anajua nyumba yangu. Nilichojifunza safarini ni kwamba mtu unaweza kumbeba adui yako njia nzima mpaka shingo ikaingia mabegani, na ukifika ukamtua, ukakuta ni mzigo mdogo.

Jioni ile nilikwenda uani. Mwanaisha alikuwa amefika mwisho wa ukili, anaukunja.

"Baba, nasikia ndoa hakuna."

"Hakuna."

"Kitabu kilisema nini hasa juu yangu?"

"Hakikusema kitu, mwanangu. Hakikujui."

Akaukaza ukili kwa kidole gumba. "Wala mimi sikijui," akasema. "Tumelingana. Shika ncha hiyo, baba, nipime mkeka."